Majina ya Hesabu katika Kiswahili, na Jinsi Mtoto Anavyoyapokea

Tulipokuwa wageni katika shule moja ya pwani, tuliingizwa katika darasa la kwanza ili tusikie watoto wakihesabu. Walisimama wote, wakaimba moja hata mia kwa sauti moja, wala hawakukwama mahali. Mkaguzi aliyekuwapo siku ile aliwasifu sana, akaandika sifa hizo katika daftari yake. Kisha sisi tulimwita mtoto mmoja wa mstari wa mbele, tukamwonyesha lundo la kokoto lililokuwa mlangoni, tukamwomba atuletee kokoto saba. Alikwenda mbio, akajaza mkono, akatuletea. Zilikuwa kumi na tatu. Tulipomwuliza kama ni saba, alianza kuhesabu tangu moja, akipita juu ya kokoto nyingine mara mbili na nyingine asiziguse, hata akafika ishirini. Mwalimu wake aliona haya, akasema, "Huyu ni mzito." Hatudhani kwamba alikuwa mzito. Alikuwa na majina ya hesabu, lakini hesabu yenyewe ilikuwa bado haijamfikia. Na majina yale yana habari ndefu, ambayo walimu wengi hawajapata kuiangalia.

Kwanza na tuseme kwa kifupi yale yaliyokwisha kujulikana juu ya watoto wadogo, maana ni mengi. Mwaka 1941 Jean Piaget wa Geneva, pamoja na Alina Szeminska, walitoa kitabu juu ya mwanzo wa hesabu katika mtoto. Walionyesha kwamba mtoto wa miaka minne au mitano akiona safu mbili za vitu zilizo sawa, kisha safu moja ikanyoshwa iwe ndefu, husema kwamba iliyo ndefu ndiyo yenye vitu vingi, hata ikiwa yeye mwenyewe ndiye aliyevilinganisha kimoja kwa kimoja. Waliokuja baadaye waliona kwamba Piaget alimdharau mtoto kidogo. Rochel Gelman na C. R. Gallistel, katika kitabu chao cha mwaka 1978, walipambanua mambo ambayo hayana budi kuwapo ili kuhesabu kuwe kuhesabu kweli: kila kitu kipate jina moja tu, majina yafuatane kwa taratibu isiyobadilika, jina la mwisho liwe ndilo jumla ya vitu vyote, tena vitu vya namna yoyote vyaweza kuhesabiwa, na yafaa kuanzia popote. Miaka kama kumi na minne baada yao, Karen Wynn aliwajaribu watoto kwa njia ile ile ya kokoto, yaani kuwaambia "nipe tatu", "nipe nne". Akaona kwamba mtoto hupata maana ya moja kwanza. Miezi kadhaa hupita ndipo apate mbili, kisha tatu. Na katika muda huo wote aweza kuyataja majina hata kumi bila kukosa. Kisha, kwa kawaida kati ya miaka mitatu na minne, jambo hufunguka mara moja: anatambua kwamba jina la mwisho la kuhesabu ndilo wingi wa vitu. Tangu hapo akiambiwa alete saba, huhesabu akakoma penye saba. Walakini watoto hao walikuwa wa Marekani, wamezoea kuulizwa maswali na watu wazima tangu uchanga. Na miaka hiyo tusiishike kama sheria kwa mtoto wa mahali pengine.

Sasa na tuje kwenye lugha. Kila mwalimu ajua kwamba moja, mbili, tatu, nne, tano na kumi ni maneno ya Kibantu halisi. Msomaji aliyezaliwa Uganda, au Ukikuyu, au Usukuma, atayatambua mara moja katika lugha ya mama yake, ijapokuwa sauti zimegeuka. Lakini kati ya tano na kumi njia za lugha zinaachana, na hapo ndipo twaona jinsi wazee walivyofikiri. Kiswahili cha kale kilisema mtandatu kwa sita, na ndani yake tatu inasikika mara mbili. Wakikuyu husema ithatũ kwa tatu na ithathatũ kwa sita. Inya kwa nne na inyanya kwa nane. Nane yetu nayo ni ya namna hiyo hiyo, yaani nne na nne. Kwa saba Waswahili walisema mfungate au fungate, na wataalamu wengine wameona ndani ya neno hilo vidole vitatu vilivyofungwa. Maana atakayekunja vidole vitatu katika kumi atabakiwa na saba. Hata kama mtu hakubali ufafanuzi huo, atakubali kwamba vidole vimo katika majina ya hesabu ya Waafrika wengi. Wazulu huita saba isikhombisa, kwa kuwa ni hesabu ya kidole kile kinachoonyesha, na nane isishiyagalombili, kwa kuwa vidole viwili vimeachwa. Kwa tisa Waswahili walisema kenda, nao Wakikuyu husema kenda hata leo.

Majina hayo ya kale hayakupotea yote. Fungate limebaki katika arusi, kwa zile siku saba za bibi na bwana arusi. Kenda limebaki katika jina la Mijikenda, watu wa miji tisa, jina ambalo watu hao walilishika kwa umoja wao katika miaka ya 1940. Tena Askofu Edward Steere, katika kitabu chake cha sarufi cha mwaka 1870, aliandika kenda na tisa pamoja, maana siku zake huko Unguja yote mawili yalisemwa. Wazee wa pwani wasemao kenda hawajaisha, wala mtu asiwasahihishe.

Basi sita, saba na tisa zilitoka kwa Waarabu, kwa njia ya biashara, chuo na kalamu. Na alama ya ugeni wao iko wazi katika sarufi. Twasema watu wawili, miti miwili, mayai mawili, viti viwili. Twasema wanne, minne, vinne. Wanane, minane, vinane. Lakini twasema watu sita, miti sita, viti sita, neno lisigeuke. Hesabu ya kienyeji hujivika vazi la kitu kinachohesabiwa. Hesabu iliyokopwa husimama na vazi lake. (Kumi haigeuki, ingawa ni ya kienyeji, kwa sababu asili yake ni jina la kitu, wala si sifa.) Jambo hili, ambalo wanafunzi wa sarufi hulikariri tu, kwa mtoto ni kazi kubwa. Yeye asikia wawili, miwili, mawili, viwili, mbili, na tena pili katika Jumapili. Naye yampasa kutambua kwamba katika maneno hayo yote wingi ni ule ule. Mtoto wa Kiingereza husikia neno moja tu kwa wawili wa kila namna. Lakini yafaa tukumbuke upande wa pili pia: mtoto wa Kiswahili husikia wingi mara mbili katika kila usemi, katika kitu chenyewe na katika hesabu yake, maana kiti ni kimoja na viti ni viwili. Lugha yamwonya kila mara kwamba moja si sawa na zaidi ya moja. Hatudhani kwamba ni hasara tupu.

Sasa tufike kwenye makumi, ambako habari ni nzuri kuliko zote. Mwarabu akisema ishirini na tatu, huanza na tatu, kisha na ishirini. Ndivyo wafanyavyo Wajerumani pia. Waswahili walikopa majina ya makumi kwa Waarabu, ishirini, thelathini, arobaini na mengine, lakini hawakukopa mpango wake. Wao huweka kubwa mbele na dogo nyuma: ishirini na tatu. Mpango huo ni wa Kibantu, nao umeshinda. Kulikuwa na majina ya Kiarabu ya kumi na moja hata kumi na tisa pia, kama edashara, thenashara, arobatashara. Steere aliyaandika, na wafanya biashara waliyatumia. Majina hayo yaliweka dogo mbele. Karibu yote yametoweka. Thenashara ndilo linalosikika bado pwani, zaidi katika habari za saa. Mahali pake tumebaki na kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu, maneno yanayosema wazi yale yaliyomo.

Yafaa mwalimu ajue thamani ya uwazi huo. Mwaka 1995 Kevin Miller na wenzake walilinganisha watoto wadogo wa China na wa Marekani. Hata kufika kumi, watoto wa nchi zote mbili walikwenda sawa. Walipopita kumi, wale wa Marekani walianza kubaki nyuma, kwa kuwa majina ya Kiingereza ya kumi na moja na kumi na mbili hayaonyeshi kumi wala moja wala mbili, hali Kichina husema kumi-moja, kumi-mbili. Walakini katika kuhesabu vitu vichache na katika kutatua maswali madogo ya hesabu, hawakutofautiana. Hivyo tofauti haikuwa ya akili, ilikuwa ya majina. Basi mtoto wa Kiswahili, kati ya kumi na ishirini, amesimama upande mmoja na mtoto wa China. Ngazi yake ina vidato vyote.

Lakini afikapo ishirini, kidato kimeng'olewa. Hakuna mbili katika ishirini kwa sikio la mtoto, wala tatu katika thelathini, wala nne katika arobaini, wala tano katika hamsini. Huyakariri tu kama majina ya watu asiowajua. Kisha, tazama, afikapo sitini, mambo yanageuka: sita na sitini ni ndugu, saba na sabini ni ndugu, tisa na tisini ni ndugu, kwa sababu wote walikuja kwa jahazi moja. Themanini tu, kati yao, ni mgeni kwa nane, maana nane ni mwenyeji wa zamani aliyekataa kuhama. Hivyo katika makumi manane yaliyo kati ya kumi na mia, matatu yanamsaidia mtoto na matano yanamficha. Mwalimu akisikia mtoto akisema "nanini" baada ya sabini na tisa, asimcheke wala asimpige. Mtoto huyo ameona kanuni, akaifuata hata mahali ambapo lugha yenyewe haikuifuata. Kadhalika yule asemaye "ishirini na kumi" baada ya ishirini na tisa: amekosa jina, lakini hesabu yake ni kweli kabisa.

Je, kidato kile kilikuwapo zamani? Kilikuwapo. Kwa asili twasema makumi mawili, makumi matatu, kama Waganda wasemavyo amakumi abiri, amakumi asatu, hata wafike hamsini. Katika Kongo, ambako Kiswahili kilifika kwa misafara na kikaenea mbali na vyuo vya pwani, watu husema makumi mbili, makumi tatu hata leo. Msomi wa Unguja au Mombasa akiwasikia atatabasamu, akadhani hawajui ishirini. Sisi twadhani kwamba katika jambo hili mtoto wa Lubumbashi ameachiwa njia iliyo rahisi zaidi kuliko mtoto wa Mombasa. Na kama tungeulizwa, tusingethubutu kumwambia mwalimu wake aibadili.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba mtoto hujifunza hesabu kwa majina tu. Kabla hajaingia shule amekwisha kuhesabu kwa mikono mahali pengi. Tazama mchezo wa mdako. Mtoto hurusha kokoto moja juu, na kabla haijaanguka huzikokota nyingine kutoka shimoni, kisha huzirudisha isipokuwa moja. Zamu ya pili abakize mbili, zamu ya tatu abakize tatu. Akikosea hesabu, hutolewa na wenziwe, na wenziwe ni wakali kuliko mkaguzi. Hapo tatu ni kitu kinachoshikwa kwa vidole kwa kufumba na kufumbua jicho. Bao nalo, lenye mashimo 32 na kete 64, huwafundisha vijana kuona kwa macho kete zilizomo shimoni na kujua zitaishia wapi, bila kuzitaja kwa midomo. Tena kuna soko: nyanya na ndimu katika mafungu, na mtoto aliyeachwa na mama yake alinde meza hujua upesi fungu lililopungua. Kuna kibaba na pishi, vibaba vinne kwa pishi moja, na kisaga katikati yao. Kuna nguo, mikono minne kwa shuka, shuka mbili kwa doti. Na wafanya biashara walihesabu nguo kwa korija, yaani ishirini ishirini. Vipimo hivyo vingi vimeachwa katika maduka, lakini kibaba bado kinasikika katika methali na katika vinywa vya wazee.

Mtu aliyeliona jambo hili mapema alikuwa Otto Raum, mwalimu wa misioni ya Kilutheri katika Uchaga, ambaye mwaka 1938 alitoa huko London kitabu kizima juu ya hesabu katika Afrika. Aliwataka walimu waanze na yale ambayo mtoto amekuja nayo kutoka nyumbani. Miaka kama thelathini baadaye, John Gay na Michael Cole waliwachunguza Wakpelle wa Liberia, ambao watoto wao walikuwa wakishindwa hesabu za shule. Waliwaonyesha watu wazima wa Kpelle bakuli la mchele, wakawauliza ni vikombe vingapi. Walikisia karibu sana na kweli. Wamarekani wasomi walipoulizwa vilevile, walikosea kwa mbali. Habari hizo zilichapwa mwaka 1967. Haikuwa kwamba Wakpelle hawakuwa na hesabu. Shule haikuiuliza ile waliyokuwa nayo.

Yatupasa kutaja pia desturi moja inayowachanganya walimu wageni. Kwa makabila mengi ya Afrika ya Mashariki si adabu kuhesabu watoto wa mtu, wala ng'ombe wake, kwa kuwaonyesha kidole mmoja mmoja. Mwalimu akimwuliza mtoto, "Kwenu mko ndugu wangapi?" naye akanyamaza, au akaanza kuwataja majina badala ya kusema idadi, asiandike kwamba mtoto hajui kuhesabu. Huenda amefunzwa vema sana na nyanya yake. Mwambie ahesabu mawe.

Na kuna mitego miwili ambayo sisi wenyewe tumeizoea hata hatuioni. Wa kwanza ni saa. Mshale mfupi uko juu ya tarakimu 7, nasi twamwambia mtoto aseme saa moja. Kwa Mswahili ni haki, maana siku huanza kuhesabiwa tangu jua kuchomoza. Lakini mtoto aliyejifunza jana kwamba alama ile ni saba, leo aambiwa aiite moja. Heri kumweleza kwanza habari ya jua, kisha saa. Wa pili ni siku za juma. Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano: moja, mbili, tatu, nne, tano, tangu Ijumaa ilipopita. Mtoto mwenye akili hungoja ya sita, naye aambiwa Alhamisi, neno ambalo kwa Kiarabu maana yake ni ya tano, kwa kuwa Waarabu huanza kuhesabu tangu Jumapili. Juma letu lina siku ya tano mara mbili. Tumepata kuulizwa swali hilo na mtoto wa miaka saba, na ukweli ni kwamba siku ile hatukuwa na jibu.

Turudi kwa yule mtoto wa kokoto kumi na tatu. Siku ya pili tulimwomba mwalimu wake ruhusa, tukakaa naye chini ya mwembe pamoja na wenzake watatu. Hatukumwambia ahesabu. Tulimwambia ampe kila mwenzake embe moja, kisha mbili, akafanya bila shida. Alipofika tatu, alisita akitazama vidole vyake. Mwalimu akataka kumkataza vidole, maana shuleni pale vilikatazwa, tukamsihi amwache. Mtoto akakunja vitatu, akatoa maembe matatu kwa kila mmoja. Baadaye tulifunga vijiti kumi kumi kwa ukambaa, tukaweka mafungu mawili mbele yake. Tulimwuliza ni makumi mangapi. Akasema, "Makumi mawili." Tukamwambia kwamba hayo ndiyo yaitwayo ishirini. Akayatazama mafungu yale, akachukua la tatu mwenyewe, akaliweka kando ya yale mawili, akatuuliza hilo nalo laitwaje.